Jetoni ya simu juu ya kahawa na kakao: munuzi wa mbali anafurahi, mukulima wetu anapata nini?

Mu maduka ya Ulaya na Marekani, chakula chenye cheti cha fasi kilikotoka kinaanza kuuzishwa pamoja na jetoni ya kidijitali: munuzi anapitisha simu juu ya pakiti, anaona shamba, mara ingine anatuma hata senti kidogo kwa mukulima. Kahawa ya Kivu na kakao ya Beni na Ituri ziko kwenye njia hiyo hiyo. Mu makala hii tunaangalia jetoni hizo zinafanya kazi namna gani, zinamusaidia nani, na ni maswali gani koperative zetu zinapashwa kuuliza mbele ya kutia sahihi.

Jetoni ni kitu gani?

Neno jetoni huku kwetu tunalijua. Ni ile karatasi yenye namba unayopewa ku hospitali ili ungoje zamu yako, ao kile kipande unachopewa kama umeweka muzigo wako fasi. Jetoni yenyewe haina bei. Bei yake ni ile ahadi iliyo nyuma yake: kwamba mwenye kukupa ataitambua kesho, na atakurudishia kitu chako.

Jetoni ya kidijitali ni vilevile, ila badala ya karatasi ni namba iliyoandikwa ndani ya mashini nyingi kwa mara moja, mu daftari ambalo mutu mmoja peke yake hawezi kufuta ao kubadilisha bila wengine kuona. Daftari hilo wanaliita blokicheni. Kwa chakula, kuna aina tatu za jetoni, na watu wengi wanazichanganya.

Ya kwanza ni jetoni ya habari. Inakuambia tu muzigo huu ulitoka wapi, ulipita wapi, na nani aliupima. Ya pili ni jetoni ya shukrani: munuzi akiisha kununua, anapata alama yenye thamani kidogo, anaweza kuituma kwa mukulima ao kuitumia mwenyewe kupunguziwa bei. Ya tatu ni jetoni ya biashara: hiyo inauzishwa kama sarafu, na watu wanainunua kwa matumaini kwamba bei yake itapanda. Mutu akikuja ku kijiji akisema tu "tunaleta jetoni", swali la kwanza ni moja: ni ya aina gani? Kwa sababu ya kwanza ni etikete, ya pili ni bakshishi, na ya tatu inaweza kuwa kamari.

Juu ya nini wanunuzi wa mbali wanaipenda

Tusiseme kwamba ni mutindo wa bure. Chakula chenye jina la fasi kinalipa, na hilo lilipimwa. Mwaka 2020 Tume ya Ulaya ilitoa uchunguzi juu ya vyakula na vinywaji vyenye jina la asili lililolindwa na sheria. Mauzo yake yalifikia karibu euro miliari 75 kwa mwaka mmoja, na kwa wastani bidhaa yenye jina lililolindwa ilikuwa inauzishwa karibu mara mbili ya bei ya bidhaa inayofanana nayo isiyo na cheti. Mara mbili, si asilimia tano.

Lakini jina likiisha kuwa na bei, waigaji wanakuja. Njo maana wenye kutengeneza jibini ya Parmigiano Reggiano kule Italia, ambayo gurudumu moja linapita kilo 35 na linangojewa miezi 12 kwa uchache, walianza mwaka 2022 kujaribu kutia chipi ndogo, ndogo sawa chembe ya chumvi, ndani ya alama iliyo juu ya ganda. Waliijaribu juu ya magurudumu elfu 100. Chipi hiyo ni jetoni ya aina ya kwanza: inasema "mimi ni wa kweli", basi.

Aina ya pili ilijaribiwa mwaka 2019 na chokoleti iliyoitwa The Other Bar. Ilikuwa kazi ya shirika la Uholanzi FairChain pamoja na Programu ya Umoja wa Mataifa ya Maendeleo, PNUD. Kakao ilitoka Ecuador. Ndani ya kila pakiti kulikuwa jetoni, na munuzi alichagua: apunguziwe bei ya chokoleti ya pili, ao amutumie mukulima thamani ya robo ya muti wa kakao. Jetoni nne, muti mmoja. Mwaka uliofuata, Januari 2020, kampuni ya IBM na washirika wake walionyesha programu ya simu yenye jina Thank My Farmer, "mushukuru mukulima wangu": mutu anapitisha simu juu ya pakiti ya kahawa, anaona ramani ya njia iliyopita, na akitaka anachangia mupango fulani ku kijiji kile.

Tukiangalia vizuri, munuzi wa kule ananunua vitu viwili pamoja. Ananunua kahawa, na ananunua pia amani ya roho: anataka kujua hakula jasho la mutoto, wala hakukata pori, wala hakulisha vita. Sisi wa mashariki ya Congo tuko kati kabisa ya wasiwasi huo. Akisikia neno Kivu, munuzi anasikia mambo mawili: kahawa nzuri sana, na vita. Jetoni inamusaidia kushika la kwanza na kuondoa woga wa la pili. Haki yake. Lakini amani ya roho yake ina garama, na tunapashwa kujua nani anailipa.

Etikete tulikwisha kuziona

Kwetu huku, hadisi ya kufunga alama ku muzigo ili munuzi wa mbali alale usingizi si mupya. Tuliisikia kwa madini.

Mwaka 2010 Marekani walipitisha sheria Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kiliomba makampuni yaseme kama koltani, kasiterite, wolframu na zahabu wanayotumia inatoka mu Congo na majirani zake, na kama inalisha makundi yenye silaha. Wakati huo kukakuja mupango ITSCI: kila mufuko wa madini unafungwa etikete yenye namba, namba inaandikwa mu daftari, muzigo unafuatwa mupaka ku kiwanda. Mu karatasi ilikuwa safi. Mu mashimo, watu walianza kusema kwamba etikete zinauzishwa, na kwamba muzigo wa fasi moja unavalishwa nguo ya fasi ingine. Mwaka 2022 shirika Global Witness lilitoa ripoti nzito juu ya jambo hilo, ikisema kwamba mupango huo ulisafisha madini ya magendo. ITSCI yenyewe ilikataa mashitaka hayo. Mwaka huo huo, muungano wa makampuni unaosimamia orodha ya mipango inayokubaliwa uliitoa ITSCI ku orodha yake.

Somo ni nini? Si kwamba etikete zote ni uongo. Somo ni kwamba etikete inasema ukweli kama mukono ulioifunga ulisema ukweli. Blokicheni haiwezi kuponyesha hilo. Daftari lisilofutika linahifadhi vizuri sana kile kilichoandikwa ndani. Kama kilichoandikwa ni uongo, linahifadhi uongo bila kufutika. Mutu wa kwanza, yule mwenye kupima kahawa ku kituo cha kuosha, yule mwenye kuandika "hii imetoka ku shamba fulani mu Idjwi", njo blokicheni ya kweli. Kama analipwa vibaya, kama anaogopa mutu mwenye bunduki, ao kama mizani yake haina haki, chipi na mashini zote za Ulaya hazitamusaidia.

Na kahawa ina tofauti moja kubwa na gurudumu la jibini. Jibini moja ni kitu kimoja. Inabeba alama yake toka kuzaliwa. Kahawa inachanganywa. Kilo sita ao saba za matunda mabichi zinatoa kilo moja ya kahawa kavu, na mufuko wa kilo 60 unaweza kuwa na jasho la familia kumi ao zaidi. Munuzi akiona mu simu sura ya mama mumoja wa Kalehe, ajue ile ni sura ya koperative nzima, si kwamba kikombe chake kilitoka mu shamba la yule mama peke yake. Wauzishaji wengine hawapendi kumuelezea hilo, juu sura moja inauzisha kuliko orodha ya majina mia tano.

Tupige hesabu

Tuache maneno, tuangalie makuta. Kwa cheti cha Fairtrade, tangu Agosti 2023 bei ya chini ya kahawa arabika iliyooshwa ni dola 1,80 kwa paundi moja, na juu yake kunaongezwa senti 20 za dola za maendeleo, zinazoingia ku koperative na wanachama wanaamua matumizi yao. Paundi ni karibu nusu kilo. Kwa mufuko wa kilo 60, hizo senti 20 zinafanya kama dola 26 na nusu. Familia yenye kuvuna matunda kilo 300 kwa mwaka inatoa karibu kilo 45 ao 50 za kahawa kavu. Sehemu yao ya zile senti 20 ni karibu dola 20 kwa mwaka muzima, na hazifike mu mufuko wao moja kwa moja. Zinaweza kuwa barabara, kituo cha kuosha, ao miche mipya. Si kidogo, lakini si utajiri.

Sasa linganisha na bei ya soko. Mwezi wa Februari 2025, arabika ku soko la New York ilipita dola 4 kwa paundi, bei ambayo haikuonekana mbele. Kakao nayo ilipita dola 12.000 kwa tani mu Desemba 2024, kiisha ikaanguka vibaya. Mutikisiko huo ni mukubwa mara nyingi kuliko jetoni yoyote ya shukrani. Mukulima wa Minova ao wa Mambasa aliyeuzisha kwa papa wakati huo bila kujua bei ya dunia, alipoteza mu siku moja kuliko anachoweza kupata kwa jetoni za miaka mitano.

Hapa njo kuna jambo ambalo wapenzi wa jetoni hawasemi sana. Habari inatembea upande mmoja tu. Munuzi wa Amsterdam anajua jina la kijiji chetu, urefu wa mulima, mwezi wa mavuno, hata sura ya mukulima. Mukulima yeye hajui pakiti yake inauzishwa bei gani ku duka, hajui nani alikata nini njiani, hajui hata kama ile jetoni ilitumwa. Kama kweli tunataka usawa, jetoni ipitishe habari pande zote mbili: munuzi aone shamba, na mukulima aone duka. Hiyo haina garama kubwa. Habari ya bei inaweza kufika kwa mesaji ya kawaida ku telefone ndogo ya kudinya, bila intaneti.

Na hili linagusa ugonjwa wetu wa zamani, magendo. Mu mwisho wa miaka ya 1980 Zaire ilikuwa inauzisha inje zaidi ya tani laki moja za kahawa kwa mwaka. Leo ile inayopita kwa njia ya halali imebakia kama sehemu moja ya kumi. Vita, ugonjwa wa kunyausha miti ya robusta, na kodi nyingi vilifanya kazi yao. Kahawa nyingi ya Kivu ilivuka ziwa usiku kwa mutumbwi ikaenda kupata jina la nchi ingine. Wanaume wa Idjwi na wa pembe ya ziwa walikufa maji wakiivusha. Wajane wao wako, na wengine wao njo waliingia koperative kama SOPACDI ya Minova na kuzijenga. Wakati kahawa ya Kivu ilianza kupata cheti na jina lake yenyewe, ikafika hata mu Starbucks na ikawa na mashindano yake ya kuonja, Saveur du Kivu, tangu miaka ya 2010, sababu ya kuvuka ziwa ilipungua. Haikuisha, lakini ilipungua, juu mutu alilipwa vizuri nyumbani. Kwa hiyo jina lenye cheti si anasa ya Wazungu. Kwetu lilisaidia kuokoa watu.

Makuta yatapita wapi?

Tuseme munuzi ametuma jetoni. Inafika namna gani mu mukono wa mukulima? Tangu M23 iliingia Goma mu Januari 2025 na Bukavu mu Februari, mabanki ya miji hiyo yalifunga milango. Watu wanaishi kwa makuta ya simu, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na kila kukiwa haba noti, wenye vibanda wanakata asilimia yao. Senti 50 zilizotoka Ulaya zinaweza kukatwa ku mulango wa sarafu, kukatwa ku mulango wa simu, kukatwa ku kibanda. Mwisho wake mukulima anapata mesaji nzuri ya asante na makuta yasiyofika bei ya chumvi.

Njo maana mupango wowote wa jetoni upimwe kwa swali hili: kwa dola moja iliyotumwa, ngapi inafika mukononi kama noti ao kama kitu cha kushikika, sawa miche, panga, ao dawa ya koperative? Ile robo ya muti wa kakao ya Ecuador ilikuwa na akili kwa upande huo: muti hauna asilimia ya kukatwa njiani. Kwetu, kukusanya jetoni ku mufuko wa koperative na kuzigeuza miche inaweza kuwa bora kuliko kumutumia kila mutu senti zake.

Ramani ya shamba lako ni mali

Hata kama koperative inakataa jetoni, kuna mulango mwingine ambao unailazimisha kuingia mu dijitali. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria juu ya mazao yanayokata pori: kahawa, kakao, mawese, soya, mpira, mbao na ng'ombe. Muzigo hautaingia Ulaya kama haujaonyeshwa shamba gani ulitoka, na kwamba shamba hilo halikukatwa pori kiisha tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba la chini ya hekta 4, nukta moja ya ramani inatosha. Kwa shamba kubwa kuliko hiyo, mupaka wote uchorwe. Kuanza kwa sheria kumesukumwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wakubwa tayari wanaomba nukta hizo.

Basi vijana wanapita na simu mu mashamba ya Lubero, Beni, Kalehe na Irumu wakichukua nukta. Hapa tuseme wazi. Nukta ya ramani pamoja na jina la mwenye shamba na kiasi anachovuna ni habari yenye hatari mu eneo la vita. Kakao ya Beni na Irumu inaibiwa wakati wa mavuno, na watu wameuawa mu mashamba yao. Orodha inayoonyesha nani ana kakao nyingi, wapi, na mwezi gani, ni kitu ambacho mutu mubaya angelipa makuta mengi kuipata. Kama hiyo habari inawekwa mu daftari lisilofutika, haifutiki hata siku mukulima anahama, anakimbia, ao anaomba itolewe. Sheria ya Congo ya Machi 2023 juu ya mambo ya kidijitali, inayoitwa Code du numérique, ina sehemu ya kulinda habari za mutu. Koperative iwe nayo mukononi wakati wa mazungumuzo.

Kuna njia ya katikati. Jina na nukta kamili vibakie ku koperative, mu daftari lake yenyewe. Ku jetoni kuandikwe tu jina la groupement ao la kituo cha kuosha, na hakikisho kwamba nukta ziko na zilikaguliwa. Munuzi wa kahawa hahitaji kujua mulango wa nyumba ya mutu ili akunywe kwa amani.

Jihazarini na aina ya tatu

Jetoni ya biashara, ile inayouzishwa kama sarafu ya kupanda bei, tuiongelee peke yake. Jirani yetu wa kaskazini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, aliijaribu. Aprili 2022 nchi hiyo ilikubali bitkoini kuwa makuta halali. Julai ikatoa Sango Coin, sarafu ya serikali iliyosemwa itategemea utajiri wa nchi, na wenye kuinunua kwa wingi waliahidiwa hata uraia na ardhi. Kabla ya mwezi wa nane kuisha, Mahakama ya Katiba ilisema uraia na ardhi haviuzishwi hivyo. Mwaka 2023 bitkoini yenyewe ikatolewa kuwa makuta halali.

Wazee wetu hawahitaji mufano wa mbali. Wanakumbuka Bindo mu Zaire, miaka ya 1990 na 1991: weka makuta leo, chukua mara nyingi kesho. Wa kwanza walichukua, wa mwisho walilia. Hapakuwa simu, hapakuwa blokicheni, lakini mutego ulikuwa ule ule. Mutu akikuambia "nunua jetoni ya kahawa ya Kivu, itapanda", muulize: kahawa yenyewe iko ku depo gani, nani alipima, na naweza kuichukua jetoni yangu na kupewa mufuko? Kama jibu ni ndefu kuliko swali, funga mulango.

Hatusemi kila sarafu ya dijitali ni wizi. Hifadhi ya Virunga tangu 2020 inatumia umeme wa maji wa Luviro kuchimba bitkoini ili kupata makuta wakati watalii walikosekana, na hifadhi hiyo hiyo iliunga mukono chokoleti inayotengenezwa na kakao ya eneo la Beni. Tofauti ni kwamba pale kuna mutambo, kuna umeme, kuna kitu kinachoonekana. Hawakumuomba mama muchuuzi alete akiba yake.

Na sisi wanunuzi wa hapa?

Tukiongea juu ya wanunuzi, kila mara tunafikiri Mzungu. Lakini sisi pia tunanunua. Mama wa Bukavu anayetafuta asali anaogopa kuuzishiwa maji ya sukari. Mutu wa Kinshasa anayelipa bei ya jibini ya Masisi, ile ambayo mapadri wamisionari walifundisha kutengeneza miaka ya 1970 na ambayo imejenga jina lake peke yake, hana njia ya kujua kama kweli ilitoka Masisi. Hakuna cheti, hakuna alama inayolindwa. Jina ni la wote, kwa hiyo si la mutu.

Kamerun ilionyesha njia bila jetoni hata moja. Mwaka 2013 pilipili ya Penja na asali nyeupe ya Oku, pamoja na kahawa ya Ziama-Macenta ya Guinée, zilipata jina la asili lililolindwa na OAPI, shirika la nchi 17 za Afrika linaloshugulikia haki za majina na uvumbuzi. Wakulima walikaa, wakachora mupaka wa eneo, wakaandika sheria ya namna ya kulima na kukausha, wakaweka wakaguzi wao wenyewe. Mwaka 2022 Penja ikatambuliwa hata na Umoja wa Ulaya. Congo yetu si mwanachama wa OAPI. Kazi hiyo ya kwanza, ya kukubaliana nini inastahili kuitwa "ya Masisi", "ya Idjwi" ao "ya Kalehe", hakuna simu inayoweza kuifanya kwa nafasi yetu. Jetoni inakuja nyuma ya cheti, na cheti kinakuja nyuma ya mapatano ya wenyeji. Kuanza na jetoni ni kujenga paa mbele ya ukuta.

Maswali ya kuuliza mbele ya kutia sahihi

Kwa koperative, vyama vya wafugaji na wavunaji wa asali wanaopokea wageni wenye mipango ya namna hii, haya ni maswali saba ya kupeleka ku mukutano mukuu, si ku ofisi ya prezida peke yake:

1. Ni jetoni ya habari, ya shukrani, ao ya biashara? Iandikwe mu mukataba.
2. Nani analipa mashini, simu, intaneti na kijana wa kuandika, mwaka wa kwanza na mwaka wa tano? Mwezi wa Novemba 2022 Maersk na IBM, makampuni makubwa kabisa, walitangaza kufunga daftari lao la kufuata mizigo ya meli, TradeLens. Kama wakubwa wanafunga, nani atabakia na madeni ya mupango mudogo?
3. Kwa kila dola ya munuzi, ngapi inafika, kwa njia gani, na baada ya siku ngapi?
4. Habari za shamba ni za nani? Nani anaweza kuziona, kuziuzisha, kuzifuta?
5. Mupango ukifa, koperative inabakia na daftari lake ao inabakia mikono mitupu?
6. Je, mukulima atapewa bei ya duka na bei ya soko la dunia ku simu yake, kwa Kiswahili?
7. Kama muzigo umechukuliwa kwa nguvu ao umechanganywa njiani, nani anasema, na bila kuhatarisha maisha yake?

Mupango unaojibu maswali haya saba bila kuzungukazunguka unaweza kuwa musaada wa kweli, juu munuzi yuko, na hamu yake ya kujua chakula kimetoka wapi haitarudi nyuma. Ule unaokasirika ukiulizwa, umeshajibu.

Musikilizaji, musomaji, kama ku koperative yenu mumepokea mupango wa jetoni, wa kode ya QR ao wa kuchukua nukta za mashamba, mutuletee mambo mulivyoyaona, mazuri na mabaya. Tutayajadili ku antena pamoja na wakulima na wajuzi wa sheria, bila kutaja jina la mutu asiyetaka kutajwa.